Taa ya oili inarudi kila baada ya wiki mbili, na sensa ya presha ni mpya: nikubali injini ifunguliwe?

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Huu ni mwezi wa pili gari langu linawasha taa nyekundu ya oili. Injini ikiwa ya baridi hakuna shida. Ikishapata moto nikasimama kwenye foleni, taa inapepesa kisha inabaki imewaka. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima, ingawa siku nyingine haizimi. Oili nimebadilisha na iko kwenye alama. Skana inatoa kodi (namba ya hitilafu) P0522. Sensa ya presha ya oili imebadilishwa mara mbili, na kila mara taa ilitulia kama wiki mbili, kisha ikarudi. Sasa naambiwa injini ifunguliwe, eti beringi zimekwisha. Nikubali?"

Marahaba, ndugu yangu. Usikubali bado. Wakati huohuo naomba gari lisitembee tena mpaka presha ya kweli ipimwe kwa geji. Beringi za injini huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa kwa presha. Presha hiyo ikikosekana kweli, dakika chache za mwendo zinatosha kuharibu krenki, ile shafti kuu ya injini. Kwa hiyo taa nyekundu tutaiheshimu kana kwamba inasema kweli, hadi tupate ushahidi wa kuikanusha. Ushahidi wenyewe hupatikana kwa kazi ya chini ya saa moja, na nashangaa kwamba miezi miwili imepita bila mtu kuifanya.

Nianze na hiyo P0522, maana nadhani hapo ndipo mlipopotea njia. Kodi zinazoanza na P0 zina maana moja kwenye magari ya watengenezaji wote. P0522 inasema kwamba volti kwenye saketi ya sensa ya presha ya oili ziko chini mno. Soma tena: volti ziko chini. Haisemi presha iko chini. Presha yenyewe ikishuka chini ya inavyotakiwa, kodi yake ni P0524. Volti zikipanda kupita kiasi ni P0523, na P0521 hutokea pale sensa inaposema jambo lisilolingana na hali ya injini. Kompyuta ya gari lako haijalalamikia beringi hata mara moja. Imelalamikia umeme.

Kompyuta inatofautishaje presha iliyokufa na waya uliokufa? Sensa nyingi za kisasa zina waya tatu. Mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mwingine ni erthi, na wa tatu hurudisha ishara. Waliozibuni hawakuiruhusu ishara itumie nafasi yote kati ya 0 na 5. Presha ikiwa sifuri kabisa, sensa nzima hutoa karibu volti 0.5. Presha ikifika kilele cha uwezo wake, hutoa karibu volti 4.5. Nusu volti ya chini na nusu volti ya juu zimeachwa wazi kwa makusudi. Hata injini ikikauka oili yote, sensa iliyo hai yenye waya wazima itaendelea kusema 0.5. Kompyuta ikiona 0.1, inajua kwamba hiyo si sauti ya sensa. Ni waya uliokatika, umeme usiofika, au shoti mahali fulani. Ndipo inaandika P0522, na kwenye magari mengi inawasha na ile taa kwa tahadhari, kwa kuwa haina tena macho ya kuona presha.

Lakini sitaki uondoke hapa ukiwa na uhakika kuliko nilio nao mimi. Dalili yako nyingine, ile ya taa kuwaka injini ikiwa ya moto na ikizunguka taratibu, ndiyo dalili hasa ya presha iliyoshuka kweli. Oili ya moto ni nyepesi, pampu inazunguka polepole, na presha ya injini yoyote huwa chini kabisa katika hali hiyo. Bahati mbaya ni kwamba plagi mbovu ya sensa (kile kiunganishi cha waya zake, si plagi ya cheche) na waya uliochoka navyo huanza kusumbua joto likipanda. Mambo mawili tofauti kabisa yanavaa sura moja, na hakuna macho wala masikio ya fundi yanayoweza kuyatenganisha. Geji inaweza.

Fungua sensa, funga mahali pake geji ya mshale yenye mpira wake, washa injini na uiache ipate moto kamili, mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima walau mara moja. Kisha soma presha injini ikizunguka bila kukanyagwa, na usome tena kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Mafundi wengi hutumia kipimo cha jumla cha PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000, yaani takriban kilopaskali 70. Ukipata PSI 15 injini ikizunguka taratibu na PSI 30 au zaidi kwenye 2,000, sioni sababu ya kufungua injini kwa ajili ya taa hii. Ukipata PSI 4, zima injini papo hapo.

Kuwa mwangalifu na adapta ya geji. Magari mengi ya Kijapani hutumia nyuzi za BSPT (kipimo cha Kiingereza cha nyuzi za mabomba) za thumni ya inchi, yaani 1/8, zenye nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi huja na nyuzi za NPT (kipimo cha Kimarekani) za 1/8, zenye nyuzi 27 kwa inchi. Zinafanana kiasi kwamba zitaingiana mizunguko miwili mitatu bila kulalamika, kisha ukikaza zaidi unaharibu tundu kwenye bloku ya injini. Ikikataa, usiilazimishe. Mpira wa geji nao uupitishe mbali na bomba la moshi na mikanda, kwa sababu oili ikimwagikia chuma chenye moto huo inaweza kuwaka.

Ukiwa na geji mkononi unaweza pia kuihakiki sensa yenyewe, ukiwa na adapta yenye tawi ya kuvifunga vyote viwili pamoja. Tuseme sensa yako imetengenezwa kupima kutoka PSI 0 hadi 150. Kati ya 0.5 na 4.5 kuna volti 4, kwa hiyo kila PSI ni volti 4 gawanya kwa 150, yaani takriban 0.027. Geji ikionyesha PSI 30, ishara inapaswa kuwa 0.5 jumlisha 0.8, sawa na volti 1.3. Mita ya umeme ikisoma 1.3 au karibu yake, sensa inasema kweli. Geji ikisema 30 na mita ikasema 0.1, tumeshajua kwamba injini haina hatia. Huna adapta yenye tawi? Pima kwa zamu, joto na mizunguko vikiwa vilevile.

Haya yote ni kwa sensa ya waya tatu. Kabla ya kwenda mbali, tazama plagi yako. Kama ina waya mmoja tu, hiyo kwa kawaida ni swichi: injini ikiwa imezima hugusisha waya kwenye bodi, yaani chuma cha gari, na taa inawaka, na presha ikipanda kidogo tu, mara nyingi kati ya PSI 4 na 7, huachia na taa inazima. Swichi ya namna hii hupata erthi kupitia nyuzi zake yenyewe, kwa hiyo anayezizungushia utepe mweupe wa mabomba anaweza kuikata erthi bila kujua, na vipande vya utepe vinaweza kuingia kwenye njia ya oili. Lakini kwa kuwa skana inakupa P0522, nitaendelea nikichukulia kwamba yako ni ya waya tatu. Zipo pia zenye waya nne zinazopima na joto, na zipo zinazotuma mapigo ya haraka badala ya volti tulivu. Kwa hizo za mapigo mita ya kawaida itakudanganya, na inafaa kutumia skana au osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme.

Sasa twende kwenye waya. Tafuta mita ya kidijitali. Taa ya kupimia yenye balbu iache kabisa, maana inavuta umeme mwingi kuliko saketi za kompyuta zilivyokusudiwa kubeba. Usitoboe ngozi ya waya. Ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya plagi, kando ya waya, mpaka iguse pini. Tundu dogo la leo kwenye ngozi ya waya ndilo kutu ya miezi sita ijayo.

Chomoa plagi ya sensa, washa swichi bila kuwasha injini, pima pini ya kulisha dhidi ya nguzo hasi ya betri. Unatafuta volti 5, ikipungua au kuzidi kidogo si neno. Ukikuta 0 au 2 na kitu, usikimbilie kuilaumu kompyuta. Kwenye magari mengi hizo volti 5 hugawiwa sensa kadhaa kwa pamoja. Sensa moja upande wa pili wa injini ikipata shoti, inaziangusha zote, na gari hulalamikia ile ambayo kompyuta iliiona kwanza. Chomoa nyingine moja baada ya nyingine huku ukitazama mita. Volti 5 zikirudi ghafla, umemshika mhusika. Mara nyingi skana pia huonyesha P0641 au P0642, ambazo ni kodi za hiyo volti ya pamoja, na watu huzifuta bila kuzisoma.

Pima pini ya erthi injini ikiwa inazunguka na plagi imechomekwa: ncha moja ya mita kwenye pini ya erthi kwa nyuma, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Isizidi takriban volti 0.1. Ila kwa kesi yako sitarajii kukuta ubaya hapa. Sensa ya waya tatu ikipoteza erthi, ishara yake kwa kawaida hupanda kuelekea volti 5, na kodi ingekuwa P0523. Kodi yako ya volti kuwa chini inaelekeza kwingine. Ama volti 5 hazifiki kwenye sensa, ama waya wa ishara umegusa bodi, ama waya wa ishara umekatika kwenye gari ambalo kompyuta yake huvuta ishara kwenda chini isipopata kitu. Uwezekano wa nne ni sensa yenyewe kufa ndani, na huo umeshaulipia mara mbili.

Ili kuwatenganisha hao watatu, fungua skana kwenye data hai (vipimo vya papo kwa papo), tafuta volti au presha ya sensa ya oili, kisha chomoa plagi. Kama usomaji unaruka juu karibu na volti 5, waya wa ishara ni mzima na kompyuta inasikia, kwa hiyo rudi ukachunguze volti 5 ya kulisha na pini zenyewe. Kama unabaki chini, unganisha pini ya volti 5 na pini ya ishara upande wa gari kwa kutumia rezista ya omu 1,000. Usomaji ukipanda juu, njia yote mpaka kwenye kompyuta ni nzima. Ukikataa kupanda, waya wa ishara ama umekatika ama umegusa bodi. Hapo ondoa betri, chomoa plagi ya kompyuta, kisha pima omu: kutoka pini ya ishara hadi bodi kusiwe na njia kabisa, na kutoka mwisho mmoja wa waya hadi mwingine ziwe omu chache tu.

Tatizo ni kwamba hitilafu yako inakuja na kuondoka. Ukipima asubuhi injini ikiwa baridi, kila kitu kitakuwa sawa na utaambiwa gari halina kitu. Pima ikiwa ya moto, taa ikiwa imewaka. Kabla ya hapo soma ile picha ya tukio ambayo skana huhifadhi pamoja na kodi, ikionyesha joto la injini, mizunguko na mwendo wakati hitilafu ilipotokea. Ikionyesha kodi iliandikwa injini ikiwa baridi au ikizunguka 3,000, nadharia ya beringi inazidi kudhoofika. Kisha acha skana kwenye data hai, shika fungu la waya na ulitikise taratibu, sehemu moja baada ya nyingine: karibu na plagi, kwenye kona, chini ya vishikio, mahali linapopita karibu na bomba la moshi. Mpe mwenzako kazi ya kutazama namba. Zikianguka ghafla mkono wako ukiwa mahali fulani, shikilia hapohapo.

Niliwahi kuletewa gari ambalo injini yake ilikuwa imeshafunguliwa na kufungwa. Beringi mpya, pampu ya oili mpya, sensa mpya, na taa ikawaka siku ya tatu. Geji ilionyesha presha nzuri kabisa tangu dakika ya kwanza. Nilitumia saa nzima kulipapasa fungu la waya, nikafika nyuma ya kishikio cha chuma ambacho hakionekani mpaka ulale chini ya gari. Waya wa ishara ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa kishikio hicho mpaka shaba ikatokeza, sehemu isiyozidi upana wa ukucha. Injini ikipata moto na kutikisika kidogo, shaba iligusa chuma. Mwenye gari alikaa kimya muda mrefu nilipomwonyesha. Ndiyo maana napiga kelele sana juu ya geji.

Kwako, hata hivyo, mimi ningeanza na plagi, na sababu ni zile wiki mbili. Sensa mbili mpya kufa kwa zamu, kila moja baada ya wiki mbili, ni jambo gumu kuliamini. Lililo jepesi kuamini ni hili: kila ilipobadilishwa sensa, plagi ilichomolewa na kuchomekwa tena. Kitendo hicho chenyewe husugua pini, hung'oa utando wa kutu, na mguso unakuwa mzuri kwa siku kadhaa. Kisha joto na mtikisiko vinaurudisha pale ulipokuwa. Sensa mpya ilipewa sifa isiyo yake.

Chukua sensa ya zamani kama bado unayo, maana pini zake ni kipimo kizuri. Fundi wa umeme akikata pini moja kutoka humo anaweza kuichomeka kwenye kila tundu la plagi, moja moja, na kuivuta. Kila tundu linapaswa kuishika kwa nguvu kidogo. Likiiachia bila kuhisi chochote, limelegea, na hakuna dawa ya kupuliza itakayolikaza. Tazama pia kama kuna oili ndani ya plagi. Sensa iliyopasuka ndani huvujisha oili kupitia mwilini mwake hadi kwenye pini, na oili hiyo inaweza kusafiri ndani ya ngozi ya waya hadi plagi nyingine iliyo mbali. Oili haipitishi umeme, lakini huvimbisha mipira ya kuzuia maji, hulainisha ngozi ya waya, na hukaa katikati ya pini na tundu.

Plagi ikiwa mbovu, badilisha plagi pamoja na kipande cha waya wake. Kata waya kwa urefu tofauti tofauti ili viungo visikae pamoja, unganisha vizuri, funika kila kiungo kwa mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani. Kusokota waya na kuzungushia utepe karibu na injini yenye moto ni kuandaa hitilafu nyingine. Funga pia fungu la waya lisiguse bomba la moshi wala ukingo wa chuma.

Na geji ikionyesha presha ndogo kweli? Hata hapo kufungua injini si hatua ya kwanza. Nusa oili kwenye kijiti: ikinuka petroli, imechanganyika na mafuta na kupoteza uzito wake. Hakikisha ni oili ya uzito unaotajwa kwenye kitabu. Tazama filta. Fungua sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ukaangalie chujio la pampu, ambalo huzibwa na matope ya oili au vipande vya gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi, pamoja na mpira wa bomba lake la kunyonyea, ambao ukichoka pampu inavuta hewa. Vali ya kupunguza presha inaweza kuwa imekwama wazi. Baadhi ya injini zina kichujio kidogo chini ya sensa ambacho kikiziba huidanganya sensa peke yake. Nyingine zina pampu inayobadilisha presha kwa amri ya kompyuta, kwa hiyo ukiona presha ikishuka kwa hatua na kupanda tena, soma kitabu kabla ya kuhukumu. Beringi ziko mwisho wa safari hiyo.

Ukimaliza matengenezo, futa kodi, washa swichi bila injini, na hakikisha ishara inasoma karibu 0.5. Endesha hadi injini ipate moto kamili na uiache izunguke taratibu kwa dakika 20 huku data hai ikiwa wazi. Kisha niandikie namba tatu: presha ya geji injini ikiwa ya moto bila kukanyagwa, presha kwenye mizunguko 2,000, na volti ya ishara swichi ikiwa imewashwa na injini imezima. Nikizipata hizo nitakuambia bila kusita kama kuna boliti yoyote ya injini inayostahili kuguswa.